Kuunganisha mashine pepe na mtandao wa ndani wa ofisi: mwongozo kwa ofisi ndogo za Lubumbashi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayesimamia kompyuta katika ofisi ndogo ya Lubumbashi, iwe ni ofisi ya wakala wa forodha anayefuatilia malori ya mpakani Kasumbalesa, ofisi ya wahasibu, zahanati au shule, ambaye tayari ameunda mashine pepe, yaani kompyuta ya kubuni inayoendeshwa na programu, ndani ya kompyuta mojawapo na sasa anataka wenzake wote waifikie kupitia mtandao wa ndani. Kwa kawaida sababu huwa mojawapo kati ya mbili. Ama ofisi inahitaji seva ndogo ya kuhifadhi hati na haina fedha za kununua mashine nyingine, ama kuna programu ya zamani ya uhasibu inayokataa kufanya kazi popote isipokuwa ndani ya Windows 7, nayo imefungiwa ndani ya mashine pepe ili kompyuta zenyewe ziendelee kutumia mfumo mpya.

Mifano yote inachukulia kwamba kompyuta mwenyeji, yaani ile iliyobeba mashine pepe, inatumia Windows kwa Kifaransa kama ilivyo katika ofisi nyingi za mji wetu, kwamba programu iliyotumika ni VirtualBox, na kwamba ndani ya mashine pepe kuna Ubuntu Server. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini. Kwa ofisi ni vizuri kujua pia kwamba VirtualBox yenyewe ni programu huria na inatosha kabisa kwa kazi hii; kifurushi chake cha nyongeza, ambacho watu wengi hukipakua kwa mazoea tu, kinahitaji leseni ya kulipia kikitumika kibiashara, na hapa hatukihitaji.

Kwa nini wenzako hawaioni mashine yako

VirtualBox inapounda mashine mpya huiweka katika hali ya NAT bila kukuuliza. Katika hali hiyo mashine hupewa anwani 10.0.2.15, hutoka nje kwa kupitia lango la kubuni lenye anwani 10.0.2.2, na kila inachotuma huonekana kana kwamba kimetumwa na kompyuta mwenyeji. Ni kama mpangaji wa chumba cha uani ambaye hakuna anayemjua pale mtaani ila kwa jina la mwenye parseli: yeye hutoka na kurudi apendavyo, lakini mgeni akibisha langoni na kumwuliza, hakuna atakayemwonyesha mlango wake. Ndiyo maana hali hii huwapotosha wengi, kwa sababu mashine inafungua kurasa za intaneti vizuri, inapakua masasisho, na msimamizi anaamini kwamba mtandao uko sawa, huku kompyuta ya jirani yake haiwezi kuifikia hata kidogo.

Zipo hali nyingine. Ile inayoitwa « Réseau privé hôte » huunganisha mashine pepe na kompyuta mwenyeji peke yake, mara nyingi kwa anwani zinazoanza na 192.168.56, na inafaa kwa majaribio. Ile ya « Réseau interne » huunganisha mashine pepe zenyewe kwa zenyewe tu. Inayotufaa sisi ni « Accès par pont », yaani hali ya daraja, ambayo huifanya mashine pepe ionekane kwenye mtandao kama kompyuta kamili yenye kadi yake, namba yake ya MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao) na anwani yake. Kuna njia ya kubaki katika NAT na kufungua milango michache tu ya kuingilia, lakini kwa seva ya ofisi siipendekezi: kila huduma mpya inadai mlango mpya, na msimamizi atakayekuja baada yako hataelewa milango hiyo ilifunguliwa kwa sababu gani.

Hatua ya kwanza: ujue mtandao ulio nao

Kabla ya kugusa mashine pepe, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta mwenyeji na uandike:

ipconfig /all

Andika kwenye karatasi mambo manne ya kadi inayotumika: « Adresse IPv4 », « Masque de sous-réseau », « Passerelle par défaut » na « Serveurs DNS ». Karibu kila mara anwani itaangukia katika mojawapo ya safu tatu zilizotengwa tangu mwaka 1996 kwa mitandao ya faragha, yaani zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, au zinazoanza na 192.168. Ikianza na 169.254, simama hapo hapo, kwa maana kompyuta mwenyeji yenyewe haikupata anwani kutoka kwa ruta, na hakuna daraja litakaloponya tatizo hilo.

Katika mwongozo huu nitachukulia kwamba ruta ni 192.168.1.1 na maski ni 255.255.255.0, jambo linaloipa ofisi anwani 254 za kutumia. Lakini angalia ya kwako, maana ofisi nyingi hapa zina ruta zaidi ya moja: ile ya kampuni inayoleta intaneti ya kila siku, na ndogo ya 4G inayochomekwa siku ile kubwa inapokwama. Ruta nyingi za 4G za Huawei hutoka kiwandani zikiwa na anwani 192.168.8.1, kwa hiyo siku ya kubadilishana ruta kompyuta zote huhamia safu nyingine kimyakimya, na seva iliyopewa anwani ya kudumu katika safu ya zamani hubaki peke yake upande wa pili. Dawa yake ni kuingia katika ruta ya akiba mapema, kuibadilisha anwani iwe 192.168.1.1 kama ile nyingine, kupanga safu ileile ya ugawaji, na kuhakikisha kwamba hizo mbili hazichomekwi kwa pamoja kwenye swichi moja. Kazi hiyo ifanyike sasa, kabla ya seva kuzaliwa.

Hatua ya pili: chagua anwani ya seva

Seva haifai kubadilishiwa anwani kila asubuhi. Njia ya kwanza ya kuipa anwani moja ni kuiandika katika ruta, ukiambatanisha namba ya MAC ya mashine pepe na anwani unayoitaka; njia ya pili ni kuiandika ndani ya mashine pepe yenyewe. Ya kwanza ni safi zaidi mahali ambapo umeme na ruta ni vya kutegemewa. Hapa kwetu naichagua ya pili. Umeme unapokatika na kurudi, kila kitu huwaka kwa wakati mmoja, na mashine pepe ikitangulia kuamka kabla ya ruta haipati wa kuipa anwani; ikiwa na anwani yake yenyewe haimngoji mtu.

Anwani hiyo iwe nje ya safu ambayo ruta inagawa. Ingia katika ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya DHCP, yaani ya ugawaji wa anwani, na uone mwanzo na mwisho wa safu. Ikigawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, basi 192.168.1.20 iko salama upande huo, ingawa huenda printa au kamera ya ulinzi iliwekwa hapo na fundi aliyekutangulia. Ili kuhakikisha, andika amri hizi mbili moja baada ya nyingine:

ping 192.168.1.20
arp -a

Jibu la ping lisomwe kwa uangalifu. Windows ikisema « Impossible de joindre l'hôte de destination », na jibu hilo linatoka kwenye anwani ya kompyuta yako mwenyewe, maana yake ni kwamba hakuna aliyejitokeza. Ikisema « Délai d'attente de la demande dépassé », usifurahi, kwa sababu yawezekana kifaa kipo lakini kimekatazwa kujibu ping. Hapo ndipo arp -a inaposaidia: kama 192.168.1.20 inaonekana kwenye orodha ikiwa na namba ya MAC mbele yake, anwani ina mwenyewe, hata kama hajibu. Fanya kipimo hiki saa ambazo vifaa vyote vimewashwa, kwa maana printa iliyozimwa haijitetei.

Hatua ya tatu: weka daraja

Zima mashine pepe kabisa. Katika VirtualBox ichague, fungua « Configuration », kisha « Réseau », na mahali pa « Mode d'accès réseau » chagua « Accès par pont ». Chini yake kuna mstari wa « Nom », na hapo ndipo makosa mengi hutokea, hasa kwenye kompyuta ndogo za kubebwa zenye kadi ya kebo, kadi ya Wi-Fi, na pengine kadi ya kubuni iliyoachwa na programu ya VPN. Chagua kadi ileile uliyoisoma kwa ipconfig katika hatua ya kwanza. Orodha ikiwa tupu, fungua sifa za kadi katika Windows uone kama kiendeshi kinachoitwa VirtualBox NDIS6 Bridged Networking Driver kimewekwa alama. Kisipokuwepo, sakinisha VirtualBox upya.

Kadi hiyo iwe ya kebo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ofisi nyingi ndogo zimeacha kebo na kutegemea Wi-Fi peke yake. Kadi nyingi za Wi-Fi hazikubali kupitisha pakiti zenye namba ya MAC isiyo yao, kwa hiyo VirtualBox hulazimika kubadilisha namba ya mashine pepe na kuweka ya mwenyeji katika kila pakiti inayotoka, kisha kukisia ipi inayorudi ni ya nani. Wakati mwingine mbinu hiyo inafanya kazi miezi mingi bila shida, wakati mwingine anwani haipatikani, na uhifadhi wa anwani katika ruta kwa namba ya MAC huvurugika kwa kuwa ruta inaiona kompyuta moja pale unapohesabu mbili. Zaidi ya hayo, mitandao ya Wi-Fi ya wageni mara nyingi imepangwa ili vifaa vyake visionane hata kidogo. Mita chache za kebo na swichi ndogo ya milango mitano ni gharama ndogo kuliko muda utakaoupoteza ukibishana na Wi-Fi.

Kama ofisi yako iko ndani ya jengo la kampuni kubwa lenye swichi zinazosimamiwa, mwulize msimamizi wa mtandao kabla ya kuwasha mashine. Swichi hizo zinaweza kuwekewa kikomo cha namba moja ya MAC kwa kila mlango, na mlango unaoona namba ya pili hujifunga. Utakuwa umemkatia mtandao hata mwenye kompyuta. Mpe namba ya mashine pepe mapema. Za VirtualBox huanza na 08:00:27, na kwa hiyo ataitambua kwa urahisi.

Wanaotumia programu nyingine watakuta wazo lilelile kwa jina tofauti. VMware ina hali yake ya daraja kwenye kadi ya mashine. Katika Hyper-V unaunda swichi pepe ya nje na kuruhusu kompyuta mwenyeji iendelee kuitumia kadi hiyo. Mtandao wa mwenyeji hukatika kidogo wakati wa kuiunda, basi usifanye hivyo wakati wenzako wanaandika matamko ya forodha.

Hatua ya nne: mpe mgeni, yaani mashine pepe, anwani yake

Washa mashine pepe na uandike ip a ili ujue jina la kadi. Katika VirtualBox mara nyingi ni enp0s3. Kisha unda faili jipya:

sudo nano /etc/netplan/99-ofisi.yaml

Ndani yake andika hivi, ukitumia nafasi za kawaida na kamwe usitumie kitufe cha Tab:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s3:
      dhcp4: false
      addresses: [192.168.1.20/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.1.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.1.1]

Namba 99 mwanzoni mwa jina la faili inalifanya lisomwe mwisho na kushinda lile lililowekwa wakati wa usakinishaji. Funga ruhusa zake kwa sudo chmod 600 /etc/netplan/99-ofisi.yaml, kisha jaribu:

sudo netplan try

Amri hii ni bora kuliko netplan apply kwa mtu anayefanya kazi akiwa mbali na mashine, kwa sababu usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha mipangilio ya zamani. Wakati uko hapo, rekebisha na saa: sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi. Anayeacha saa za Kinshasa atakuwa na hati zenye kumbukumbu ya saa moja nyuma, jambo ambalo mhasibu ataligundua kabla yako.

Ikiwa ndani ya mashine pepe kuna Windows 7, mambo ni tofauti kidogo, na hapa tahadhari inastahili nafasi yake. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo mashine hiyo isipelekwe kwenye intaneti. Katika sifa za kadi, kwenye itifaki ya IPv4, andika anwani na maski, lakini mahali pa « Passerelle par défaut » na pa DNS paache patupu. Mashine isiyo na lango huzungumza na kompyuta zote za ofisi zilizo katika safu yake, ila haijui njia ya kutokea nje. Ondoa pia alama kwenye IPv6, la sivyo ruta inayogawa anwani za aina hiyo inaweza kuipa njia uliyoinyima. Hiyo si kinga kamili, kwa kuwa kirusi kilichoingia katika kompyuta ya jirani kwa funguo ya USB bado kinaweza kuifikia kwa kupitia kebo. Basi pare-feu yake, yaani programu inayozuia maunganisho yasiyoruhusiwa, ibaki imewashwa, na ifunguliwe kwa programu ya uhasibu pekee.

Hatua ya tano: pima kutoka karibu kwenda mbali

Anza ndani ya mashine pepe na uipigie ping ruta, 192.168.1.1. Ikijibu, daraja na anwani viko sawa. Isipojibu, rudi kwenye mstari wa « Nom » kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Kisha, ukiwa kwenye kompyuta mwenyeji, ipigie 192.168.1.20. Baada ya hapo nenda kwenye kompyuta ya mwenzako, iliyo na kebo yake, urudie. Usiruke kipimo hiki cha tatu, kwa sababu mwenyeji na mgeni wake wanaweza kuzungumza vizuri kabisa ndani ya mashine moja huku kebo inayoelekea kwenye swichi imechomoka.

Ikiwa mashine pepe inawafikia wenzake lakini wenyewe hawaifikii, kosa halipo tena kwenye daraja. Lipo kwenye pare-feu ya mgeni. Kwa Windows, angalia kwanza kama mtandao umetambuliwa kuwa wa umma, kwa kuwa katika hali hiyo karibu kila kinachoingia huzuiwa. Ubadilishe uwe wa faragha. Na kukosa jibu la ping kwenye Windows si ushahidi wa kutosha, kwa hiyo jaribu huduma yenyewe. Kwa Ubuntu yenye ufw (pare-feu yake) iliyowashwa na hati zilizoshirikishwa kwa Samba (programu ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao), fungua mlango kwa watu wa ofisi peke yao:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp

Kisha mwenzako aandike \\192.168.1.20 kwenye kisanduku cha anwani cha dirisha lolote la mafaili. Folda zikionekana, mpe njia ya mkato kwenye skrini yake, maana hakuna anayependa kukariri namba.

Ukinakili mashine

Mara seva ya kwanza inapofanya kazi, wakubwa huomba ya pili, na njia ya haraka ni kunakili ile iliyopo. Wakati wa kunakili, chagua VirtualBox itengeneze namba mpya za MAC kwa kadi zote. Kwa Ubuntu hilo halitoshi kama nakala inapokea anwani kutoka kwa ruta, kwa sababu mfumo hujitambulisha kwa utambulisho ulio katika faili /etc/machine-id, ambao umenakiliwa pamoja na mengine yote, na mashine mbili hujikuta zikigombania anwani moja huku namba zao za MAC zikiwa tofauti. Ndani ya nakala andika sudo truncate -s 0 /etc/machine-id kisha uiwashe upya. Ikiwa anwani imeandikwa mkononi, kumbuka kuibadilisha katika 99-ofisi.yaml kabla ya kuwasha mashine zote mbili kwa pamoja, pamoja na jina la mashine kwa hostnamectl.

Umeme ukirudi

Mashine pepe haiamki yenyewe. Katika BIOS ya kompyuta mwenyeji, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza, tafuta mpangilio unaoamuru mashine iwake umeme unaporudi, uuwashe. Katika Windows zima usingizi wa kompyuta, kwa sababu mwenyeji akilala mgeni hupotea kwenye mtandao. Kisha, katika kipanga kazi cha Windows, weka kazi inayoanza pamoja na kompyuta, inayotumia akaunti ileile iliyounda mashine, na ambayo haidai mtu awe ameingia. Kazi hiyo iendeshe amri ifuatayo, ambapo seva-hati ni jina ulilolipa mashine:

"C:\Program Files\Oracle\VirtualBox\VBoxManage.exe" startvm "seva-hati" --type headless

Kompyuta mwenyeji, swichi na ruta vichomekwe vyote kwenye onduleur moja (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) kama uwezo wake unatosha. Wengi huikinga kompyuta na kuisahau swichi, na hapo seva inabaki hai bila mtu wa kuongea nayo.

Jaribio la mwisho lifanyike Jumamosi mchana wenzako wakiwa wameondoka. Zima mashine pepe na kompyuta mwenyeji kwa utaratibu, kata umeme wa chumba chote kwenye swichi kuu ya umeme, pamoja na wa onduleur, subiri dakika chache, urudishe. Usiguse kibodi yoyote ya kompyuta mwenyeji. Washa kompyuta ya mwenzako peke yake, fungua njia ya mkato uliyompa, na uhifadhi hati moja ndani ya folda. Ikikataa, angalia kwanza kama kompyuta mwenyeji imewaka, kisha kama ile kazi ya kipanga kazi imeandikwa kuwa imeendeshwa. Mara nyingi ni nenosiri la akaunti lililobadilishwa bila kipanga kazi kuarifiwa.